Aden: Forodha na Watawala Wake

Utangulizi

Historia ya mji wa bandari aghalabu huandikwa kwa kufuata orodha ya watawala wake. Fulani aliuteka, fulani akaupoteza, na baada ya miaka kadhaa akaja wa tatu. Mji wa Aden, ulioko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Bara Arabu, waelekea sana kuandikiwa historia ya namna hiyo, kwani waliopita juu ya kiti chake ni wengi: Wahimyari, Wahabeshi, Waajemi, magavana wa makhalifa, Wasulayhi, Wazurayi, Waayyubi, Warasuli, Watahiri, Waturuki, maimamu wa Kizaydi, masultani wa Lahej, Waingereza, na serikali za Yemeni za baada ya mwaka 1967. Msomaji akimaliza orodha hiyo huwa amejua majina, lakini hajajua kwa nini mji usio na mto, shamba wala msitu ulitamaniwa na watu wote hao.

Katika makala haya tutajaribu kuitazama historia ya Aden kutoka upande wa forodha yake. Neno hili si geni kwetu. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, furda, na furda ndilo jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa karne za kati walilitumia kwa nyumba ya ushuru ya Aden. Hoja yetu ni kwamba mtawala wa Aden, awe nani, alitawala kwa ridhaa ya watu ambao hakuwa na amri juu yao, yaani manahodha na wafanyabiashara waliokuwa na uwezo wa kupita bila ya kutia nanga. Aliyelielewa jambo hilo alinufaika na mji. Aliyelisahau aliuona ukimponyoka hata kama ngome zilikuwa zake. Mwishowe tutauliza ni nini kilichotokea pale mtawala alipoifuta forodha yenyewe.

Mahali na Pepo

Mji wa kale wa Aden umejengwa ndani ya kinywa cha volkeno iliyozimika zamani. Milima ya Shamsan imeuzunguka karibu pande zote, isipokuwa upande wa mashariki unaoelekea bahari, ambako kisiwa kidogo cha Sira kinailinda ghuba. Rasi yote imeunganishwa na bara kwa shingo nyembamba ya mchanga. Upande wa magharibi iko ghuba nyingine, pana na yenye hifadhi nzuri, ambayo haikupata umuhimu mkubwa mpaka zilipokuja merikebu za moshi. Mvua ni haba mno. Ili kuyakinga maji machache yanayoteremka milimani, watu wa kale walijenga mabirika makubwa katika bonde la Tawila. Maji mengine yaliletwa kutoka bara. Ibn Battuta, aliyefika Aden yapata mwaka 1330, anasimulia kwamba mabedui waliweza kuwazuilia watu wa mji maji hayo mpaka wapewe fedha na nguo. Mji huu, basi, uliishi kwa kununua kila kitu, hata kinywaji chake.

Kilichoupa uhai ni pepo. Vyombo vya Bara Hindi vilifika kwa pepo za kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Vyombo vya pwani ya Afrika Mashariki navyo vilikwenda kwa kusi vikarudi kwa kaskazi. Lakini Bahari ya Sham ina tabia yake: katika nusu yake ya kaskazini upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, na pwani zake zimejaa miamba ya matumbawe. Kwa sababu hiyo vyombo vikubwa vya bahari kuu vilipendelea kuishia Aden, na mizigo ikahamishwa katika vyombo vidogo vilivyoizoea njia ya Misri na Hijazi. Wakati wa kuingia na kutoka kwa vyombo Waarabu waliuita mawsim, nasi tukapata msimu. Yeyote aliyekaa Aden alikaa mahali ambapo dunia mbili zililazimika kukutana, maadamu hapakuwa na mahali pengine pa kukutania palipokuwa na unafuu zaidi.

Zama za Mwanzo

Kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1 B.K., kijulikanacho kwa jina la Periplus, kinaitaja Aden kwa jina la Eudaimon Arabia. Kinasema kwamba hapo awali, kabla ya vyombo kuanza kuvuka moja kwa moja baina ya Misri na Bara Hindi, mizigo ya pande hizo mbili ilikutana hapo; lakini wakati mwandishi alipokuwa akiandika, mahali hapo palikuwa kijiji tu. Yafaa jambo hili litiwe maanani. Tangu ushahidi wa mapema kabisa, Aden yaonekana ikipanda na kushuka kwa kufuata njia za vyombo.

Kitabu hicho hicho kina habari nyingine yenye kutuhusu. Kinaeleza kwamba pwani ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa chini ya himaya ya watu wa Muza, bandari nyingine ya Yemeni iliyokuwa ndani ya Bahari ya Sham, na kwamba watu hao waliwatuma huko manahodha Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao na kuijua lugha yao. Uhusiano wa kusini mwa Bara Arabu na pwani hii, kwa hiyo, ni wa kale kuliko Uislamu, na tangu mwanzo ulikuwa uhusiano wa bandari kwa bandari.

Baada ya hapo watawala walifuatana. Wahimyari walikuwa na nguvu hadi karne ya 6, kisha Wahabeshi wa Aksum wakaiingia Yemeni, na baada yao Waajemi. Uislamu ulipoenea katika karne ya 7, Yemeni ikawa jimbo la dola la makhalifa. Katika muda huu wote habari za forodha ya Aden ni chache, na hatuna haja ya kukawia.

Mahari ya Malkia

Habari zinaanza kuwa nyingi katika karne ya 11, wakati nasaba ya Wasulayhi ilipoitwaa sehemu kubwa ya Yemeni. Mwanahistoria Umara al-Yamani anaeleza kwamba Ali al-Sulayhi, alipomwoza mwanawe kwa binti Arwa, aliyafanya mapato ya Aden kuwa mahari ya bibi arusi. Mapato hayo yalikadiriwa kuwa dinari 100,000 kwa mwaka. Ukoo wa Banu Ma'n, uliokuwa ukiushika mji, uliachwa mahali pake kwa sharti ya kulipa mahari hiyo. Bibi arusi huyo ndiye Malkia Arwa, aliyetawala Yemeni kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 1138.

Kisa hiki chastahili kuangaliwa kwa makini. Kilichotolewa mahari hakikuwa mji wenye watu wake na kuta zake, bali haki ya kupokea ushuru. Banu Ma'n walipokoma kulipa, waliondolewa, na mahali pao wakawekwa ndugu wawili ambao uzao wao hujulikana kwa jina la Wazurayi. Mmoja alipewa ngome ya Ta'kar pamoja na lango la bara. Wa pili akapewa ngome ya Khadra pamoja na upande wa bahari. Nao pia, kadiri mkono wa malkia ulivyodhoofika, walipunguza malipo hadi nusu, kisha hadi robo. Hatimaye nyumba mbili za ukoo huo zilipigana zenyewe kwa zenyewe kwa ajili ya mapato.

Ni katika zama hizo za Wazurayi ambapo tunaona wazi nani aliyekuwa nguzo ya mji. Yapata mwaka 1135 mtawala wa kisiwa cha Kish, katika Ghuba ya Uajemi, alidai apewe sehemu ya mapato ya Aden. Alipokataliwa alituma vyombo vya vita vikauzingira mji kwa muda wa karibu miezi miwili. Barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa Cairo zinatueleza jinsi mambo yalivyokwisha: viliwasili vyombo viwili vya tajiri Ramisht, mfanyabiashara mkubwa wa Siraf, vikaingia bandarini na kuwasaidia wenyeji, na maadui wakalazimika kuondoka. Wakati majeshi ya ukoo uliotawala yalikuwa yakitazamana baina ya ngome na ngome, mji uliokolewa na mteja wa forodha.

Kuta za Waayyubi na Vitabu vya Warasuli

Katika miaka ya 1173 na 1174 Turan Shah, ndugu yake Salahuddin wa Misri, aliiteka Yemeni na Aden pamoja nayo. Gavana wake, Uthman al-Zanjili, anakumbukwa kwa kujenga kuta, malango na nyumba ya forodha. Kuta hizo hazikuelekea maadui peke yao. Zilijengwa pia ili mzigo usipate njia ya kupita isipokuwa mlango mmoja.

Msafiri Ibn al-Mujawir, aliyeandika katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, ametuachia maelezo ya namna chombo kilivyopokewa. Walinzi waliokaa juu ya mlima walitazama upeo wa bahari. Walipoliona tanga walimpelekea gavana habari. Mashua zilitoka kukilaki chombo, na karani akaandika majina ya wafanyabiashara na aina za mizigo yao. Kisha wakaguzi wakawapekua wasafiri mpaka ndani ya vilemba, mikono ya kanzu na mishipi, na mwanamke mzee akawapekua wanawake. Baada ya siku tatu mizigo ilipelekwa forodhani, ikafunguliwa na kuhesabiwa. Juu ya ushuru wa kawaida iliongezwa kodi ya shawani, yaani ya merikebu za vita zilizowekwa kuwalinda wafanyabiashara dhidi ya maharamia. Ibn al-Mujawir haoni raha na mambo hayo, na malalamiko yake yatufundisha kuwa tayari palikuwa na mpaka ambao mfanyabiashara alianza kujiuliza kama yafaa aje tena.

Warasuli, waliotawala Yemeni tangu mwaka 1229 hadi mwaka 1454, waliufahamu mpaka huo vizuri kuliko wengi. Makao yao yalikuwa Taizz na Zabid, wala si Aden. Lakini kila msimu ulipokwisha, hazina ya Aden ilichukuliwa kwa msafara hadi kwa sultani. Chini ya Sultani al-Muzaffar Yusuf, aliyefariki mwaka 1295, maofisa wa serikali walikusanya hati za mapato ambazo zimetufikia kwa jina la Nur al-Ma'arif. Humo mna orodha za bidhaa na viwango vya ushuru, bidhaa za nchi zote zinazoizunguka Bahari ya Hindi. Humo pia wamo wanadamu: watumwa kutoka Uhabeshi walioletwa kwa njia ya Zeila wanatajwa kwa bei zao pamoja na vitambaa na viungo. Anayeisifu Aden kwa utajiri wake hana budi kuikumbuka na safu hiyo ya kitabu cha forodha.

Pamoja na ushuru Warasuli walitoa heshima. Manahodha na wafanyabiashara wakubwa walivishwa majoho, na makadhi na mahatibu wa miji ya bandari ya Bara Hindi walipewa posho kutoka mapato ya Aden. Mwaka 1393 Waislamu wa Calicut walimwandikia sultani wa Yemeni kumwomba ruhusa ya kulitaja jina lake katika hotuba ya Ijumaa. Alikuwa hajatuma huko askari hata mmoja. Nguvu zake zilifika Bara Hindi kwa njia ya forodha.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa ndani ya mzunguko huo. Ibn Battuta alitoka Aden akafika Zeila, Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba al-Hasan bin Sulaiman, ambaye baadaye alikuwa sultani wa mji huo, alipokuwa kijana akienda kuhiji alikaa Aden miaka miwili akisoma. Kwa Mswahili wa karne ya 14, basi, Aden ilikuwa mahali pa ushuru na pia mahali pa elimu.

Nahodha Aliyepita

Anguko la utaratibu huu halikuletwa na vita. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 15, masultani wa Kirasuli, waliokuwa na haja kubwa ya fedha, walianza kuwalazimisha wafanyabiashara kununua bidhaa za serikali kwa bei iliyopangwa na kuwatoza zaidi ya desturi. Katika miaka ya 1420 nahodha mmoja wa Calicut aitwaye Ibrahim, aliyechoshwa na mambo ya Aden, aliamua kuupita mji na kuingia moja kwa moja katika Bahari ya Sham. Safari zake za kwanza hazikumletea raha. Lakini Sultani Barsbay wa Misri aliitambua faida iliyokuwa mlangoni pake, akaagiza wageni wapokewe vizuri Jedda. Mwaka uliofuata vyombo vingine vikamfuata Ibrahim. Katika muda wa miaka michache tu Jedda ilikuwa imejitwalia sehemu kubwa ya biashara ambayo Aden iliihesabu kuwa yake kwa maumbile.

Warasuli walibaki na ngome zao zote. Hapana hata lango moja lililovunjwa. Lakini hazina haikupanda tena Taizz kama zamani, na ukoo ukaingia katika ugomvi ambao haukuweza kujinasua nao. Mwaka 1454 Watahiri waliingia Aden, wakajitahidi kuirudishia bandari sifa yake, na kwa kiasi fulani walifaulu.

Mizinga

Kuja kwa Wareno kulileta aina mpya ya mtu wa baharini: yule asiyetaka kulipa ushuru bali kuutoza yeye mwenyewe popote alipokuta chombo. Waliokwisha kuziteka nyara Kilwa na Mombasa mwaka 1505 waliitamani Aden pia. Mwaka 1513 Afonso de Albuquerque aliishambulia. Askari wake waliegemeza ngazi ukutani, ngazi zikavunjika kwa uzito wa watu, na shambulio likashindwa. Miaka mitatu baadaye Wamamluki wa Misri nao walijaribu, wasifaulu.

Aliyefaulu alitumia hila. Mwaka 1538 Hadim Suleiman Pasha, jemadari wa Waturuki aliyekuwa njiani kwenda kupigana na Wareno Diu, alitia nanga Aden. Alimwalika mtawala wa Kitahiri, Amir bin Dawud, ndani ya merikebu yake, kisha akamtundika mlingotini. Mji ukatwaliwa siku hiyo. Lakini habari za tendo hilo zilitangulia hadi Gujarat, ambako Waislamu waliokuwa wamemngoja kama mwokozi walianza kumwogopa kama mtekaji, na vita vya Diu havikumfaa kitu. Wenyeji wa Aden wenyewe waliasi mwaka 1547 wakawaita Wareno, na ilimbidi Piri Reis, mchoraji mashuhuri wa ramani, auteke mji upya mwaka 1548.

Kwa Waturuki Aden ilikuwa ngome ya kuufunga mlango wa Bahari ya Sham. Biashara waliiachia Mocha, bandari iliyokuwa ndani ya mlango huo na karibu na milima iliyokuwa ikianza kutoa buni kwa wingi. Uwezo wao wa baharini katika Yemeni ulionekana mpaka kwetu, pale Mir Ali Bey alipoiendea pwani ya Waswahili mara mbili baina ya mwaka 1585 na 1589, na mara ya pili akatekwa na Wareno Mombasa. Aden yenyewe, hata hivyo, ilinyauka. Maimamu wa Kizaydi walioirithi Yemeni katika miaka ya 1630 hawakuwa na sababu ya kuifufua, kwa kuwa kahawa ilipitia Mocha. Mwaka 1728 mtawala wa Lahej alijitangazia uhuru, na baada ya miaka michache akaitwaa Aden bila ya kishindo kikubwa. Kilichokuwa kimebaki hakikuwa na thamani ya kupiganiwa.

Forodha Inafutwa

Mji ambao Waingereza waliuteka tarehe 19 Januari 1839 ulikuwa na watu takriban 600. Kisa chake chajulikana. Mwaka 1837 chombo Duria Dawlat, kilichokuwa na bendera ya Kiingereza, kilikwama karibu na Aden kikaporwa. Kapteni Stafford Haines akatumwa na serikali ya Bombay kudai fidia, na papo hapo akajadiliana na Sultani Muhsin bin Fadl wa Lahej juu ya kuununua mji. Mapatano yalipovunjika zikaja merikebu mbili za vita, Volage na Cruizer. Lakini sababu ya ndani ilikuwa makaa ya mawe. Tangu mwaka 1830, merikebu ya moshi iitwayo Hugh Lindsay iliposafiri kutoka Bombay hadi Suez, ilidhihirika kuwa njia hiyo haiwezekani bila ya kituo cha makaa.

Haines, aliyeutawala mji hadi mwaka 1854, alizungumza na wafanyabiashara kama walivyofanya masultani wa zamani. Katika muda wa miaka michache watu walizidi 15,000: Waarabu kutoka milima ya Yemeni, Wahindi, Wasomali, Wayahudi. Na mwaka 1850 serikali ilichukua hatua ambayo hakuna mtawala wa kabla yake aliyeithubutu: Aden ilitangazwa kuwa bandari huru, isiyotoza ushuru wa forodha. Biashara ya Mocha ilihamia Aden, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 ghuba ya magharibi ikajaa merikebu.

Mtu aweza kusema kwamba hapa hoja yetu inaanguka, kwa kuwa Waingereza waliingia kwa mizinga na mji ukastawi. Sisi twaona kuwa inathibitika. Mizinga iliwapa Waingereza watu 600 na mabirika yaliyojaa kifusi. Waliowaletea watu 15,000 ni wafanyabiashara, na walikuja kwa hiari yao. Lakini jambo lingine linatupasa tulitazame. Ushuru ulikuwa mzigo, na vilevile ulikuwa kifungo baina ya mtawala na mji. Sultani wa Kirasuli aliyeiona forodha tupu alijua kwamba yeye mwenyewe atakosa mshahara wa askari wake. Mtawala wa Kiingereza hakuwa na khofu hiyo. Alichohitaji ni makaa, na baadaye mafuta, kwa ajili ya merikebu zilizokuwa zikienda mahali pengine. Aden ilitawaliwa kutoka Bombay, kisha tangu 1932 kutoka Delhi, na tangu 1937 kutoka London.

Kutoka Aden mkono huo ulifika hata Afrika Mashariki. Brigedia William Coghlan, mkuu wa Aden, ndiye aliyeongoza uchunguzi juu ya ugomvi wa urithi wa Sayyid Said, na kutokana nao ikatolewa hukumu ya mwaka 1861 iliyoitenga Unguja na Oman. Naibu wake, Robert Playfair, aliyeandika historia ya Yemeni na kushughulikia uchimbuaji wa mabirika ya Tawila, alikuwa balozi mdogo Unguja katika miaka ya 1860. Na mwaka 1951 shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua mahali pa rupia, hata ikawa kwa miaka kadhaa mchukuzi wa Aden na mchukuzi wa Kilindini wanalipwa kwa sarafu moja.

Mwaka 1954 kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa, na Aden ikahesabiwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi kabisa duniani. Migomo ya wafanyakazi ya mwaka 1956, maasi ya Radfan ya mwaka 1963, na vita vya mitaani vilivyofuata vilionyesha kwamba waliokuwa wakiishi katika mji huo hawakuridhika kuwa wahudumu wa wapita njia. Mwezi Juni 1967, kwa sababu ya vita baina ya Israeli na nchi za Kiarabu, Mfereji wa Suez ulifungwa. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Yemeni ya Kusini ilipata uhuru. Serikali mpya ilirithi bandari siku ambayo vyombo vilikuwa vimekwisha kuondoka. Mfereji ulipofunguliwa tena mwaka 1975, meli zilikuwa zimebadilika: kubwa zaidi, zenye kusafiri mbali bila ya kujaza mafuta njiani, na makontena yao yalikwisha kujizoeza bandari nyingine.

Yaliyofuata yanajulikana: mapigano ya Januari 1986 baina ya viongozi wa chama kilichotawala, muungano wa Yemeni mbili mwaka 1990, vita vya 1994, na vita vilivyoanza 2015 ambavyo vilimfanya Aden kuwa makao ya muda ya serikali iliyofukuzwa San'a, kabla ya washirika wake wenyewe kuupigania mji mwaka 2019. Watawala walizidi kubadilika upesi, na kila mmoja alitangaza kuwa ataifufua bandari.

Ushahidi wa Maneno

Kwa kuwa tunawaandikia watu wa lugha, yafaa tuyatazame pia maneno. Forodha, ushuru, nahodha, karani, rubani, dalali, bandari, msimu, shehena, hazina: hii ni karibu orodha kamili ya kazi za Aden kama zinavyoelezwa na Ibn al-Mujawir, Ibn Battuta na vitabu vya Warasuli. Hatudai kwamba Kiswahili kiliyachukua maneno haya Aden. Yalikuwa maneno ya bahari nzima, na mengine si ya Kiarabu kwa asili: nahodha ni Kiajemi, bwana wa chombo, bandari nalo ni Kiajemi, karani lilitumika Bara Hindi kama lilivyotumika Yemeni. Tunachodai ni kwamba msamiati huu ni wa jamii moja, jamii ya forodha, iliyokuwa na desturi zake kutoka Calicut hadi Kilwa, na ambayo haikuwa raia wa sultani yeyote peke yake.

Wazungumzaji wa Kiswahili ambao hawajapata kulisikia jina la Warasuli hulipa ushuru forodhani na kumwita aliyeandika hati yao karani. Warasuli hawakuwaachia jina lao. Desturi ambayo wao waliilinda, na kisha wakaivunja, ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kupanda na kushuka kwa Aden hakulingani na kubadilika kwa watawala wake. Mji uliokolewa na vyombo vya Ramisht wakati wenye nao walipokuwa wakigombana. Ulianza kufa nahodha Ibrahim alipoupita. Ulinyauka chini ya Waturuki waliokuwa na nguvu, ukastawi chini ya Waingereza walioutaka kwa ajili ya makaa, na ukaanguka tena kwa sababu ya mfereji uliofungwa mbali nao.

Mna funzo la aina mbili humu, nayo yanavutana. La kwanza ni kwamba bandari haimilikiwi kwa ngome, kwa maana anayeiendesha huweza kwenda kwingine. La pili ni kwamba bandari iliyowekwa wazi kabisa kwa wapita njia, bila ya kuacha kitu mikononi mwa wenyeji, hustawi kwa muda ambao wapita njia wanaihitaji, na haina la kujitetea siku wasipoihitaji. Warasuli katika miaka yao mizuri walisimama kati ya mambo hayo mawili: walitoza, na walifanya anayetozwa apende kurudi. Kwa wale wanaoandika historia za miji ya pwani yetu, tungependekeza kwamba kabla ya kuorodhesha masultani, wakitafute kwanza kitabu cha forodha.